Kazi ya meneja ni kupokea habari mbaya mapema

Vijana wanaonifuata kuniuliza kuhusu umeneja wa wahandisi wa programu huanza karibu wote na mshahara, kisha cheo, kisha wanataka kujua kama bado naandika programu. Nawajibu yote matatu, lakini ninalotaka walisikie ni jingine. Tangu niache kukaa kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, siku nzima na kuanza kuwasimamia wanaouandika, kazi yangu kubwa imekuwa moja: kuhakikisha kwamba mtu aliyeona tatizo saa nne asubuhi hangoji mpaka saa kumi jioni ndipo aliseme. Vikao, bajeti, tathmini za mwaka, kuajiri, yote nimeyaona yanasimama au kuanguka kwa hilo.

Nilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2011, maeneo ya Kijitonyama, jirani na Tume ya Sayansi na Teknolojia na ile ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu. Ulikuwa wakati mzuri wa kuanza. Mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulikuwa umefika pwani yetu mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, M-Pesa ilikuwa imeingia nchini tangu 2008, na kila mwenye biashara alitaka kupokea pesa kwa simu. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ndogo. Tuliunganisha mifumo ya wateja na mitandao ya simu: shule zilizotaka kupokea ada, SACCOS zilizokusanya marejesho, vikundi vya wakulima vilivyolipa wanachama wao. Tuliandika zile menyu za kubonyeza nyota na reli, ambamo ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, na mtumiaji akichelewa kujibu mtandao unamkatia. Hakuna nafasi ya maneno mengi hapo. Mama wa Muheza anayelipa ada ya mwanawe hana muda wa kusoma maelezo yako, na salio lake la simu halikungoji.

Somo la kwanza nililolipata kwenye mifumo ya malipo limenifaa kwenye umeneja kuliko semina yoyote niliyopelekwa. Unatuma maagizo kwa mtandao wa simu: mlipe fulani shilingi 50,000. Jibu halirudi. Mhandisi mgeni huandika kwenye mfumo kwamba muamala umeshindikana. Mteja akiona umeshindikana anarudia, na kumbe ule wa kwanza ulipita, ila jibu lake lilikwama njiani. Pesa zimetoka mara mbili, na kuzirudisha ni simu za siku kadhaa na ugomvi. Mhandisi aliyekomaa anaweka hali ya tatu: haijulikani. Muamala wenye hali hiyo haurudiwi hata mteja apige kelele namna gani. Kila muamala unapewa namba yake ya kumbukumbu isiyofanana na nyingine, mfumo unaendelea kuuliza kwa namba hiyohiyo mpaka jibu lipatikane, na usiku hesabu zetu zinalinganishwa na hesabu za mtandao mstari kwa mstari.

Watu nao nimewaona hivyohivyo. Ukiiuliza timu kazi imefikia wapi, utapata majibu mawili tu, imekwisha au inakaribia kwisha. Ile hali ya tatu, ambayo ndiyo hali halisi ya kazi nyingi za programu katikati ya wiki, haina mahali pa kuandikwa. Nilipopewa timu mwaka 2017, kazi ya kwanza niliyojipa ilikuwa kuitengenezea mahali.

Nilivyoupata umeneja wenyewe si hadithi ndefu. Nilikuwa mhandisi mwandamizi, aliyekuwa anatuongoza akahamia Nairobi, na mkurugenzi akaniita. Mshahara wangu ulikuwa umefika dari. Juu yake kulikuwa na nafasi za mameneja tu. Nyumbani walifurahi sana, maana kwetu mtoto akiitwa meneja hata shangazi zake wanatembea kwa raha. Mimi nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshachoka kuona matatizo yaleyale yakigunduliwa usiku wa manane wakati kuna mtu aliyajua tangu mchana.

Kwenye timu hiyo kulikuwa na mzee aliyenizidi umri kwa miaka mingi, mtu wa kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, aliyekuwa amefanya kazi benki kabla ya kuja kwetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika maulizo yasiyoichosha seva. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaniitikia marahaba mwanangu, na saa tatu kwenye kikao ikawa lazima mimi nimuulize yeye kwa nini kazi fulani haijatoka. Hakuna semina iliyonifundisha hilo, na nasema wazi kwamba wanaoleta vitabu vya umeneja kutoka nje hawalijui. Ukimhoji mtu mzima mbele ya vijana, umemvunjia heshima, na vijana nao wamejifunza kwamba ukisema ukweli utaaibishwa. Ukimwacha asiulizwe kwa sababu ni mzee, vijana watajifunza kwamba kuna wa kuulizwa na wasioulizwa.

Njia niliyoishika ni kwenda mezani kwake kabla ya kikao. Nilivuta kiti nikamwambia, “Mzee wangu, naomba tufikiri pamoja, hii kazi imekaa vipi?” Hapo aliniambia kila kitu, pamoja na yale ambayo asingeyasema hadharani. Siku moja nikamwomba zaidi. Nikamwambia vijana wanamwona kama mtu asiyekosea, na kwamba wao wenyewe wanaogopa kukosea mbele yake. Je, angeweza kusema kwenye kikao jambo moja tu ambalo hana uhakika nalo? Alikaa kimya kidogo, akatingisha kichwa kukubali. Kesho yake alisimama akasema kuna sehemu ya programu aliyoiandika mwenyewe miaka ya nyuma ambayo siku hizi haiamini, na angependa mtu mwingine aisome. Chumba kizima kilimgeukia. Ninaamini sentensi ile ilifanya kazi kubwa kuliko taratibu zote nilizowahi kuziandika.

Matunda yake niliyaona mwaka 2021, wakati wa tozo za miamala ya simu. Wasomaji wa Tanzania wanaukumbuka mwaka huo kwa mifuko yao. Sisi tunaukumbuka kwa misimbo pia. Bajeti ilisomwa Juni, tozo zikaanza tarehe 15 Julai, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Vikundi vya wakulima tuliokuwa tunawahudumia vilikuwa na utaratibu wa kumtumia mwanachama pesa yake pamoja na ya kutolea, ili akifika kwa wakala apate mkononi kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye daftari la kikundi. Kwa hiyo ada zikibadilika, hesabu yetu yote inabadilika, na msimu wa kahawa Kagera ulikuwa umeshaanza.

Bado tunasikiliza habari za bungeni, kijana mmoja akanifuata. Alikuwa ametoka chuo karibuni, aliingia kwetu kama mwanafunzi wa fildi tukambakiza. Akasema, “Dada, kuna kitu sijui kama nikiseme.” Akafungua laptopu yake akanionyesha kwamba viwango vya ada ya kutolea havikuwa kwenye kanzidata hata kidogo. Vilikuwa vimeandikwa ndani ya programu yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na vimerudiwa sehemu mbalimbali: kwenye menyu, kwenye ripoti, kwenye hesabu za usiku. Sehemu mojawapo ilikuwa na viwango vya zamani ambavyo havilingani na vingine. Nilimuuliza alilijua lini. Akasema tangu mwezi wake wa kwanza, ila alidhani wakubwa wana sababu yao. Nikamuuliza imekuwaje leo amesema. Akanijibu kwamba kama mzee anaweza kusema haiamini programu yake, na yeye anaweza kusema haielewi hii.

Nilimshukuru mbele ya timu siku hiyohiyo. Kisha tukakaa. Tulivitoa viwango vyote ndani ya msimbo tukaviweka kwenye jedwali moja, kila kiwango na tarehe yake ya kuanza na ya kuisha, ili muamala wa tarehe 14 Julai ukikaguliwa tarehe 20 uhesabiwe kwa viwango vya siku ulipofanyika. Ilikuwa kazi nzito lakini ilikuwa na muda wake, na muda huo tuliupata kwa sababu kijana alisema Juni. Angeyasema usiku wa tarehe 14 Julai tungekuwa tunarekebisha gizani, na wakulima wangefika kwa wakala wakakuta pesa pungufu. Septemba serikali ilipopunguza tozo hizo kwa asilimia 30, mtu wa uhasibu alijaza mistari mipya kwenye jedwali, mhandisi mmoja akaikagua, tukaenda kula chakula cha mchana.

Upande wa pili wa jambo hili ni kupeleka habari juu. Nilipomweleza mkurugenzi, swali lake la kwanza lilikuwa ni nani aliyeandika hivyo. Nilimjibu kwamba msimbo ule umepita mikononi mwa watu wengi, baadhi yao wameshaondoka, na jina halitatusaidia kabla ya Julai. Kitakachotusaidia ni kusimamisha kazi nyingine mbili kwa muda. Hakufurahi. Alikubali baadaye kidogo, nami nikapumua. Meneja anayepokea habari mbaya kwa upole kutoka kwa vijana kisha akampa bosi jina la mtu, ameharibu kila kitu kwa siku moja, kwa sababu ofisi haina siri. Nikipanda ngazi kwenda juu nabeba mambo matatu: kilichotokea, tusichokijua bado, na saa nitakayorudi na taarifa nyingine. Hilo la saa ndilo linalowatuliza wakubwa. Nikisema nitarudi saa nane, saa nane nimerudi, hata kama sina jipya.

Jambo lingine lililofungua midomo ni lugha. Vikao vyetu vya kuchambua hitilafu vilikuwa kwa Kiingereza, kwa sababu nyaraka ni za Kiingereza na chuoni tulifundishwa hivyo. Watu watatu walizungumza, waliobaki waliandika. Tukahamia Kiswahili, kile cha kila siku, chenye seva na logi na menyu ndani yake, na wale waliobaki wakaanza kusema. Mtu anayeeleza kosa tayari amebeba mzigo. Ukimwongezea na mzigo wa kutafuta maneno, atachagua kunyamaza. Ripoti ya maandishi tunaiandika baadaye, haitaji jina la mtu, inaeleza mfumo uliruhusu nini na ulizuia nini. Mteja akitaka ya Kiingereza tunamwandikia.

Kuhusu kuandika programu, ndiyo, bado naandika, lakini sichukui kazi ambayo wengine wanaingojea. Siku ya meneja hukatwakatwa na vikao na simu za wateja. Ukiishika kazi muhimu, timu nzima itakaa ikikusubiri na hakuna atakayekwambia kwamba wewe ndiye unayechelewesha. Ninachukua kuandika majaribio ya programu, kusafisha logi (kumbukumbu za mfumo), zana ndogo za ndani. Na ninasoma. Kila jioni nasoma mabadiliko ya msimbo ya siku hiyo, hata nisipoweka neno, kwa sababu msimbo husema mambo ambayo mwandishi wake hakuyasema. Mtu aliyekuwa anaandika kwa utulivu, ukiona wiki hii anaanza kuruka majaribio na kuacha kazi nusunusu, kuna jambo. Mara nyingi halihusu kompyuta. Nilishawahi kuona mabadiliko ya namna hiyo nikamwita kijana tukatoka kwenda kunywa chai kwa mama ntilie wa nje ya geti, nikasikia bibi yake aliyemlea amelazwa Muhimbili na yeye ndiye anayelala naye wodini, kisha anakuja kazini asubuhi. Hakuomba ruhusa kwa sababu fomu ya likizo ilitaja wazazi, mwenza na watoto. Nilimpa siku zake, na fomu tukaibadilisha.

Ndiyo maana mazungumzo ya watu wawili, mimi na kila mmoja, siyaahirishi. Yanaweza kuwa mafupi, yanaweza kufanyika kwa miguu kuzunguka jengo, lakini hayaondoki kwenye kalenda kumpisha mteja. Sianzi na kazi. Nauliza nyumbani hawajambo, naacha maneno yapite mpaka yafike yenyewe kwenye lile linalomkera.

Baadhi ya habari mbaya ninazopokea ni za watu kuondoka. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, Google ikatangaza chake hukohuko mwaka 2022, na baada ya korona kampuni za Ulaya na Marekani zikaanza kuajiri watu wanaokaa Mbezi na Kigamboni na kuwalipa kwa dola. Hatuwezi kushindana na dola. Ninachoomba ni kuambiwa mapema, na watu wananiambia, wengine hata kabla ya usaili. Mmoja nilimsaidia kujiandaa kwa maswali. Wenzangu wa ofisini waliona nafanya jambo la ajabu, lakini kijana yule alitupa muda wa kutosha kumfundisha mwenzake kila alichokijua, na mpaka leo akipigiwa simu na timu yangu anapokea.

Mei 2024 ndipo nilipoona timu imekomaa. Tarehe 12 ilikuwa Jumapili, mikongo ya EASSy na SEACOM ikapata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Nilikuwa Morogoro kwenye mahari ya binamu yangu, simu iko kwenye mkoba. Sehemu ya seva zetu ilikuwa nje ya nchi, mitandao ya simu iko hapa nyumbani. Maagizo ya malipo yalikuwa yanatoka kwa kusuasua na majibu hayarudi. Mhandisi mdogo kuliko wote, binti aliyekuwa kwenye zamu yake ya mwanzo mwanzo, aliona miamala inayoingia kwenye hali ya haijulikani inazidi kupanda. Akasimamisha malipo yote yanayotoka. Kuzima malipo ya wateja siku ya Jumapili bila kumuuliza bosi ni uamuzi ambao wakubwa wengi huogopa kuuchukua. Kisha akawapigia wateja mmoja mmoja kwa simu ya kawaida, maana simu za kawaida zilikuwa zinafanya kazi, akawaambia msirudie chochote mpaka tuwaambie. Mimi alinipigia mwisho.

“Dada, samahani kukusumbua kwenye shughuli. Nimezima malipo. Sijui yatarudi lini. Nitakupigia saa kumi na mbili.”

Saa kumi na mbili alipiga. Mtandao ulipoanza kutengemaa siku zilizofuata tulilinganisha hesabu mstari kwa mstari, na hakuna mkulima wala mzazi aliyelipwa au kukatwa mara mbili.

Uongozi wa juu ulipopata habari hizo ulitaka apandishwe awe kiongozi wa timu. Nilikwenda kumwambia kwa furaha, naye akaniambia ukweli, kwamba hataki. Anataka kubaki mhandisi, aingie ndani zaidi kwenye mifumo ya malipo, awe yule mtu anayeitwa jambo likiwa gumu. Alisema ananiona ninavyokaa vikaoni na hayo siyo maisha anayoyataka. Nilimwelewa vizuri mno. Tatizo ni kwamba ile dari ya mshahara niliyoikuta mimi mwaka 2017 bado ipo: mhandisi akifika mahali fulani, ngazi inayofuata ni umeneja, na anayekataa umeneja amekataa na nyongeza.

Kwa hiyo sasa niko kwenye mazungumzo na idara ya rasilimali watu ili tuwe na ngazi mbili zinazopanda sambamba, ya wasimamizi na ya wahandisi, zenye mishahara inayolingana. Nimeandika maelezo ya kila daraja, nani anastahili nini na kwa kazi ipi. Wameirudisha rasimu yangu wakitaka kujua mhandisi asiyesimamia mtu yeyote atalipwaje sawa na meneja. Nimewapelekea kumbukumbu za ile Jumapili, dakika kwa dakika, pamoja na jumla ya fedha za wateja zilizokuwa kwenye foleni wakati binti yule anabonyeza kitufe cha kuzima. Kikao kingine ni mwisho wa mwezi, na nimeomba mkurugenzi awepo.